Hatua Moja Baina ya Mashua na Meli

Mwambao wa Ziwa Tanganyika una vijiji vingi visivyo na gati. Kwa miaka mingi meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, ilikuwa ikisimama mbali na ufuko, na abiria wakiifuata kwa mashua. Wenyeji hawakuhofia upana wa ziwa. Walihofia hatua moja tu, ya kutoka katika mashua na kuingia mlango wa ubavuni mwa meli.

Nasi tuliionja hatua hiyo tulipokuwa tukirejea Kigoma kutoka Kirando, wajumbe wa kamati ya msikiti pamoja na wake zetu, baada ya kupeleka misahafu katika madrasa ya huko. Tulikwisha kuswali Isha. Tukasoma dua ya safari, tukaziendea taa za meli.

Tulikuta mashua nyingine zimeiganda meli, kila moja ikitaka kutangulia. Wimbi likiinuka, tulikuwa sawa na mlango. Likishuka, mlango ulikuwa juu ya vichwa vyetu, na maji meusi yakaonekana baina ya mbao na chuma. Nahodha wetu, mzee mpole, alitukataza kusimama kabla hajatuita. Mizigo ilipitishwa kwanza, ili kila mtu avuke mikono mitupu. Alituonya tusiweke vidole ukingoni upande wa meli, maana hupondwa. Tushike meli, si mashua; na tuvuke wimbi lifikapo juu kabisa, kwa kupiga hatua, si kwa kuruka.

Ikafika zamu ya mke wa mjumbe mwenzetu. Baharia akamnyooshea mkono. Dada yetu akasita, akaurudisha wake ndani ya buibui, kwa kuwa yule si maharimu wake. Wimbi likashuka. Mguu mmoja ulikuwa mlangoni, wa pili ukining'inia. Baharia akamkamata kifundo cha mkono, akamvuta ndani. Papo hapo mashua ikagonga chuma kwa kishindo, pale pale mguu ulipokuwa.

Usiku ule alilia, akatuuliza kama ametenda dhambi. Jawabu lilikuwa jepesi: kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria, na dharura ina hukumu yake. Lakini lawama ilitubakia sisi. Tulimfundisha mipaka ya stara kwa miaka mingi; mlango wa dharura tuliousoma chuoni tukauacha kwenye madaftari. Na lau tungalitumia busara, mumewe angalitangulia kupanda, akampokea mwenyewe.

Tangu siku hiyo, familia ikija kutuaga kwa safari ya majini, hatuwapi dua peke yake. Twawaambia wavae majaketi ya kuokoa maisha kabla ya kuondoka ufukoni, wakunje pindo za kanzu na mabuibui, maharimu atangulie kupanda, na mtoto apokewe na mtu aliyekwisha kusimama imara. Na ikiwa hapana maharimu, mkono wa baharia ushikwe bila ya kusita. Kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kuchukua sababu.

Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu salama. Amin.