Oili Ilivuja Juu, Sisi Tukatafuta Chini



Mwaka jana, wakati wa masika, pikapu ya seminari yetu ilianza kuvuja oili. Wengi wenu mnaifahamu: ni ya dizeli, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika miaka mingi huko Japani, na hapa kwetu haipumziki. Inabeba mahindi na kuni, inawapeleka mafrateri vigangoni kila Jumapili, na mmoja wetu akizidiwa na malaria usiku, ndiyo inayomkimbiza hospitali. Sisi mafrateri wanne tulikuwa tumekabidhiwa idara ya usafiri. Kazi yetu ilikuwa kuosha gari, kupima oili na maji kila asubuhi, na kutoa taarifa kwa Padre Mhasibu.

Dalili ya kwanza tuliiona sakafuni. Tukakunjua boksi la karatasi ngumu, tukalitandika chini ya injini usiku kucha. Asubuhi tulikuta doa jeusi lenye ukubwa wa sahani, usawa wa pale injini inapoungana na gia boksi. Tulichovya kidole, tukanusa. Ilikuwa nyeusi na nyepesi, haina ile harufu kali ya oili ya gia. Kwa hiyo ilitoka kwenye injini. Kijiti cha kupimia nacho kilionyesha kwamba ndani ya wiki moja oili ilikuwa imeshuka kutoka alama ya juu hadi karibu na alama ya chini. Mpaka hapo tulikuwa sahihi.

Kisha mmoja wetu, aliyewahi kushinda gereji wakati wa likizo, akasema, "Hiyo ni sili ya nyuma ya krenki." Sote tukakubali. Sili hiyo imejificha nyuma ya injini, na ili kuibadilisha ni lazima gia boksi ishushwe. Tukamwita fundi kijana kutoka mjini. Alifika, akachungulia, akasema angependa kwanza kuosha injini ili aone vizuri. Tukamjibu, "Fundi, sisi tumeshaangalia. Ni sili. Wewe badilisha tu." Alitutazama kidogo, akaenda kuchukua jeki. Tulipatana ufundi shilingi 150,000. Tukampa 90,000 kwanza, na 60,000 akishamaliza na gari likajaribiwa.

Alifanya kazi siku mbili, amelala juu ya gunia kwenye tope. Sili ya zamani ilipotoka, alituonyesha. Ilikuwa bado laini, mdomo wake haujalika. "Hii bado ilikuwa nzima," alisema. Tulidhani anaanza kujitetea kabla ya kuulizwa.

Siku tatu baadaye doa lilirudi palepale. Tulimpigia simu tukamwambia ameharibu kazi, na maneno mengine ambayo hatutayaandika hapa. Ile 60,000 hatukumpa. Tulijiona tuna haki, kwa sababu fedha za matengenezo zilikuwa zimechangwa na jumuiya ndogo ndogo za parokia jirani. Tulisema tunalinda sadaka ya waamini.

Gari likasimamishwa. Jumapili mbili mfululizo mafrateri walikwenda kwa miguu kwenye vigango vya karibu, na kigango cha mbali, ambacho ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, hakikupata mtu.

Ndipo Padre Mhasibu alipomwomba mzee mmoja wa parokia, makenika mstaafu wa malori, aje kututazamia. Tulimwamkia, "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, wanangu. Injini mmeiosha?" Hatukuwa tumeiosha.

Hakuingia uvunguni. Alifungua boneti, akatuagiza sabuni ya unga, mafuta ya taa na mifuko ya nailoni ya kufunikia sehemu za umeme na mdomo wa kuvutia hewa. Tuliosha injini mpaka ikarudisha rangi yake, tukaifuta, tukaiacha ikauke. Kisha akanyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote, kuanzia tapeti kava juu hadi bakuli la oili chini. Tuliwasha gari, tukaenda nalo mpaka barabara kuu tukarudi, ikawa kama nusu saa.

Akachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Kule chini poda ilikuwa bado nyeupe pembeni pote, isipokuwa mahali pamoja palipoguswa na mstari mwembamba wa unyevu. Tukaufuata kwenda juu. Ulipanda mgongo wa injini, upande unaotazamana na kabini ambako jicho halifiki, ukaishia kwenye ukingo wa nyuma wa tapeti kava.

"Oili hushuka," alisema mzee, "na gari likitembea, upepo huisukuma nyuma. Mnachokiona chini ni mwisho wa safari. Tafuteni palipolowa juu kabisa."

Tulipofungua tapeti kava, gasketi ilikuwa imekauka na kupasuka. Tulitaka kukimbilia dukani, lakini mzee akatuzuia. Alichomoa mpira ambao injini hupumulia, akatuonyesha ndani: umezibwa na tope la oili na masizi. Alitueleza kwamba sehemu ya moshi hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia ndani ya injini, na lazima upate pa kutokea. Pakizibwa, presha hupanda, nayo oili husukumwa itokee pale palipo dhaifu. Tungebadilisha gasketi peke yake, na hiyo mpya isingedumu. Kazi yote ilichukua alasiri moja na shilingi 25,000.

Usiku ule, baada ya chakula, tulimpa taarifa Padre Gombera kwa furaha. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: "Yule fundi amemaliziwa fedha yake?"

Tulinyamaza. Muhula uleule tulikuwa tumesoma katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani, na sote wanne tulilipata.

Baadhi yetu tulikuwa tumeshaungama hasira ya ile simu. Lakini hasira ilikuwa lile doa kwenye boksi. Tulipokaa pamoja kutafuta palipolowa juu zaidi, tulifika siku ile fundi alipoomba kuosha injini. Hatukutaka mtu mwenye mikono ya grisi atuonyeshe jambo ambalo hatukulijua.

Jumamosi tulimfuata gerejini kwake. Tulimwambia, "Fundi, tumekukosea," tukampa ile 60,000. Aliendelea kufunga nati aliyokuwa nayo mkononi mpaka ikakaza. Kisha akasema, "Siku ile nilitaka kuosha kwanza." Hakusema zaidi. Alijifuta mikono, akahesabu fedha, halafu akatuuliza ule mpira ulikuwa umeziba kiasi gani. Tukamweleza.

Ndugu waamini, na ninyi mafrateri wenzetu mtakaokabidhiwa magari ya mtumba huko parokiani: kabla mtu hajataja jina la kipuri, osheni injini, ikaushe, liendesheni gari kidogo, kisha mtazame kuanzia juu. Mpira wa kupumulia usisahaulike. Na fundi akiomba kuosha kwanza, mpeni maji na sabuni.

Pikapu inakwenda vigangoni kama zamani, na fundi wetu ni yuleyule. Boksi bado tunalitandika kila usiku.