Asubuhi Trekta Ilipokataa Kuamka

Mtu wa Mombasa akisikia neno "baridi" hufikiria soda ya friji. Hebu aje kwetu Kinangop mwezi wa Agosti! Tuko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri hata ng'ombe hutoa moshi puani kama wazee wa kiko.

Siku hiyo ya likizo nilirauka saa kumi na moja. Magunia 30 ya viazi yalikuwa tayari kwenye trela, na lori la mnunuzi lingengoja barabarani hadi saa moja tu. Humo maguniani ndimo ilimokuwa karo yangu ya muhula wa tatu. Baba alikuwa amenikabidhi ufunguo wa Massey Ferguson 135 yetu, trekta iliyonizidi umri mbali sana. Kichwa kilinivimba kweli kweli.

Nikapanda, nikazungusha ufunguo hadi mwisho. Injini ikakoroma, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Nikarudia tena na tena, sauti ikififia: ng'we... ng'we... tk! Betri kwisha.

Baba akatokea na tochi. "Ulipasha moto kwanza?"

Nikatazama viatu vyangu. Hakunichapa, na heri angenichapa! Alinieleza palepale tukitetemeka. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Hewa hufinywa ndani ya silinda hadi ikapata joto la kuyawasha mafuta. Chuma kikiwa baridi huliiba joto hilo, oili nayo huwa nzito kama uji uliolala, na betri huchoka upesi. Ndiyo maana pana kifaa kidogo kwenye njia ya hewa. Ukishikilia ufunguo mahali pa kupasha kwa sekunde 15 au 20, koili yake huwa nyekundu, dizeli kidogo huwaka pale, na injini huvuta hewa yenye joto. Ule moshi mweupe, kumbe, ulikuwa dizeli isiyoungua.

"Na mteremkoni hukuiegesha kwa nini?"

Hapo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jana yake jioni kulinyesha, nami nikaiacha karibu na jikoni ili nisilowe. Ingekuwa mteremkoni, tungeiachilia iteremke, tuingize gia, iwake bila betri.

Mama alitoa maji vuguvugu ya kuoshea ng'ombe viwele. Tukamwaga yale baridi ya rejeta, tukajaza hayo. Jirani akaleta betri ya pikapu yake. Nilipasha nikihesabu hadi 20 kwa sauti, kama mtoto wa nasari. Injini ikaitika mara moja, tu-tu-tu-tu! Lakini ilikuwa saa mbili kasoro robo. Barabarani tulikuta alama za magurudumu matopeni, basi.

Viazi viliuzwa baadaye kwa bei ya kutupa, nami nikaripoti shuleni siku nne baada ya wenzangu. Mwalimu wa darasa aliponiuliza kilichonichelewesha, nilijibu, "Baridi, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko.