Kitufe Kimoja, Matendo Mengi

Kielelezo kizuri ni kile kinachomwonyesha mtoto jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Kielelezo kinachotembea huvutia macho kuliko picha iliyobandikwa ukutani, lakini mvuto peke yake si elimu. Hapa napenda kujadili suala moja dogo: mwalimu afanyeje anapotaka kitufe kimoja kianzishe matendo kadhaa?

Mfano wangu unatoka Ngorongoro. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa mno, nzi wafyonzao damu waitwao Stomoxys walizaana kwa wingi ndani ya kreta. Waliwashambulia simba hata wakajaa vidonda na kukonda. Baadhi yao walipanda mitini au kujificha katika mashimo ya fisi. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa eneo hilo, aliieleza habari hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1963. Simba waliokuwa zaidi ya 60 walibaki yapata 10.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha huko Karatu, niliketi nyuma ya darasa la sita kumsikiliza mwanachuo akifundisha habari hiyo. Kielelezo chake alikitengeneza kwa Scratch, programu iliyotolewa mwaka 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani. Alibonyeza mara moja. Papo hapo mvua ikanyesha, nzi wakaruka, simba wakatoweka. Watoto wakashangilia. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kumbe mvua huua simba?" Kwa mtoto wa mkulima wa Karatu, ambaye nyumbani kwao mvua husubiriwa kwa hamu, swali hilo halikuwa la kuchekwa. Mambo yaliyotokea kwa kufuatana, yeye aliyaona yakitokea kwa pamoja.

Dawa ipo. Katika Scratch, maelekezo yote yanayoanzishwa na bendera ya kijani huanza kwa wakati mmoja. Hata hivyo, tendo moja laweza kutuma ujumbe, na jingine lisianze mpaka liupokee. Basi mvua itume ujumbe kwa nzi. Nzi wakisha kuzaana, watume ujumbe kwa simba. Bonyezo hubaki moja, ila mnyororo huonekana. Kabla ya kubonyeza, wanafunzi wakisie na kuandika kitakachofuata. Baadaye mwalimu awaondoe nzi katika kielelezo, kisha aulize hali ya simba itakuwaje.

Shule isiyo na kompyuta isikate tamaa. Ligawe darasa katika makundi matatu. Upigapo makofi, kundi la mvua ligonge madawati kwa vidole. Kundi la nzi livume baada ya kusikia mvua. Kundi la simba, likisha kusikia nzi, liketi mmoja mmoja.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, usiridhike kwa kuwa kila kitu kimesogea. Muulize mtoto: kipi kimesogeza kipi? Jibu lake ndilo litakalokupimia kazi ya zana yako.