Kiyoyozi, feni na mtoto mchanga (sehemu ya 7)

Leo najibu swali ninaloulizwa sana siku ambazo joto la Bunda linabana, bati linawaka na upepo wa ziwa umegoma: "Sista, nikipunguza spidi ya feni kwenye kiyoyozi, si baridi itampungukia mtoto?"

Sikia mama. Kiyoyozi kinavuta hewa ya humo humo chumbani, kinaipitisha kwenye mabomba ya baridi, kinairudisha. Feni ndiyo inayoisukuma. Spidi ikiwa ndogo, hewa inapita taratibu, inatoka ya baridi zaidi na kavu zaidi, ila ni kidogo. Chumba kizima kinachelewa kupoa, huku aliyelala mbele ya mashine anapigwa na baridi kali. Spidi ikiwa kubwa, ubaridi wa hewa inayotoka unapungua, lakini ni nyingi, chumba kinapoa haraka.

Kwa hiyo poozesha chumba kwa spidi kubwa kabla mtoto hajalala, kisha punguza. Weka nyuzi 25 au 26, upepo uelekee juu, sio kitandani. Chujio nalo likijaa vumbi, hewa haipiti vizuri. Utaona LUKU inaisha na joto liko palepale. Lioshe kila baada ya wiki mbili.

Wengi wetu, mimi nikiwemo, tuna feni tu. Feni haipoozi hewa, inakausha jasho, ndipo mwili unapoa. Ndiyo maana leba tunamkausha mtoto mara tu anapozaliwa: majimaji yakikauka mwilini yanaondoka na joto lake. Ukimwogesha, zima feni kwanza. Mkaushe hadi kichwani, mvalishe, ndipo uwashe, ikielekea ukutani.

Mikono na miguu isikudanganye, gusa kifua au shingo. Kipimajoto kwapani kisome 36.5 hadi 37.5. Ikiwa chini ya hapo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, upime tena. Ikiwa juu, mpunguzie nguo, mnyonyeshe, upime baada ya nusu saa. Isiporudi kawaida, au akigoma kunyonya, mlete hospitali usiku huohuo. Usingoje kukuche.

Na chandarua kishushwe, hata kama kuna joto. Mbu wa malaria haogopi feni.

Msomee na bibi yake, yule anayemfunika mablanketi matatu mchana wa jua kali.