Uliza Walijuaje

Ruiru,
Kaunti ya Kiambu.

Mjukuu wangu mpendwa,

 

Juzi kwenye simu nilikuuliza mlichofunzwa siku hiyo, ukanijibu upesi: "Ruiru 11 ni kahawa inayostahimili magonjwa, Babu. Hilo halikosi kwenye mtihani." Kisha ukahamia habari za mpira. Jibu lako ni sahihi, lakini ni nusu ya somo. Kahawa hiyo ilizaliwa hapa hapa Ruiru, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, na inafaa ujue ilivyopatikana.

Ugonjwa uliowatesa wakulima ni ule tunaouita CBD, yaani ugonjwa wa matunda ya kahawa. Ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, upande wa magharibi. Tunda changa hupata doa jeusi lililobonyea, kisha huoza au kukauka likiwa bado mtini. Wakulima walipuliza dawa msimu baada ya msimu, na bei ya dawa ikala faida yao. Mwaka 1971 watafiti wa Ruiru wakaanza kazi ya kutafuta kahawa sugu, na Ruiru 11 ikawafikia wakulima mwaka 1985. Miaka 14, mjukuu wangu, kwa mstari mmoja wa daftari lako!

Na mbegu yake ni kazi ya mikono. Ua la kahawa hunyofolewa stameni kabla halijafunguka, lisije likajichavusha lenyewe. Hufunikwa kwa mfuko, kisha huletewa chavua ya mti mwingine uliochaguliwa. Ndiyo maana ukiokota mbegu chini ya mti wetu wa Ruiru 11 ukazipanda, huna hakika kwamba miche itafanana na mama yake. Mwalimu akisema Ruiru 11 ni chotara, shikilia hilo.

Wapo wazee hapa watakaokuambia kwamba kahawa ya zamani ya SL28 ina ladha nzuri zaidi. Usiwacheke, kwa sababu wakati mwingine sifa moja hupatikana kwa kuipunguza nyingine. Watafiti wenyewe hawakuridhika: mwaka 2010 walitoa aina nyingine, Batian, ambayo mbegu zake hazihitaji kazi hiyo ya kuchavusha kwa mikono.

Sasa sikia nasaha yangu. Kwanza, mwalimu akikupa jibu, muulize walijuaje. Kuuliza si ujinga. Pili, ulichosoma kitazame kwa macho yako. Ukifunga shule Aprili, mvua zikiwa zimeshika, pita kwenye mistari yetu ya SL28 na ya Ruiru 11, uhesabu matunda yenye madoa kwenye kila tawi. Hesabu yako ikitofautiana na kitabu, usiifute, mpelekee mwalimu. Tatu, kabla ya kulala mweleze mwenzako somo moja bila kufungua daftari. Pale utakapokwama ndipo hujaelewa.

Najua utasema kahawa yenyewe inakwisha. Ni kweli, mji mpya wa Tatu City umesimama palipokuwa mashamba ya kahawa, na majumba yanazidi kuota kandokando ya barabara ya Thika. Lakini mimi sikulazimishi uwe mkulima. Kupima, kusubiri, kisha kupima tena ni kazi ya daktari na ya fundi pia. Anayekariri majibu humaliza elimu yake siku ya mtihani. Anayejua jibu lilikotoka hutafuta mengine mwenyewe.

Karo ya muhula huu imelipwa na vitabu unavyo. Lililobaki ni lako: nyoosha mkono darasani, uulize.

Mungu akulinde.

Ni mimi,
Babu yako.