Naivas ama Quickmart? Kwanza tutafute ile 1,800

Kitengela kuna watu wa Naivas na kuna watu wa Quickmart, na usishangae wakikosa kusalimiana. Ni kama Gor na AFC tu, tofauti ni kwamba huku bado hatujarushiana mawe. Enda steji ya boda uulize swali dogo tu, "wapi unga ni bei poa?", uone vile wazee wazima wanapandisha sauti. Mimi nimeulizwa hilo swali mara nyingi sana tangu nianze kuweka video za shopingi, mpaka nikaamua kulijibu vizuri, na daftari mkononi. Jibu nilipata. Lakini nikiwapa jibu bila kuwaambia kuhusu ile siku ya pesa za mathe, nitakuwa nimewaongopea mara ya pili. Kwa hivyo kaeni hapo.

Kwanza mjue kwa nini mimi ndiye mtu wa shopingi kwetu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Hakuna stori ndefu, salio la karo lilikuwa refu kuniliko. Mathe anafanya kazi EPZ hapo Athi River, anashona nguo za kupelekwa Marekani. Anatoka nyumbani kukiwa bado giza na anarudi giza, miguu imefura. Sasa mtu mzima amekaa nyumbani na simu, mwenzake anashona nguo kutwa, halafu bado yeye ndiye aende kupanga foleni ya sukari? Hapana. Kila mwisho wa mwezi ananitumia elfu sita kwa M-Pesa, na listi kwa sauti ya WhatsApp, na kelele za matatu nyuma yake. Unga, mchele, mafuta, sukari, majani, chumvi, sabuni ya kipande, sabuni ya unga, tishu. Ya mboga anaachia mama mboga wa hapo nje, hiyo hajawahi kubadilisha.

Basi, hesabu. Nilichagua vitu 12, kampuni ile ile, uzito ule ule, nikaenda supa zote mbili Jumamosi moja, asubuhi moja. Nikarudia Jumamosi nne. Ukifanya hivi usidanganywe na pakiti. Kuna sabuni mbili zinafanana kabisa, moja ni kilo, nyingine imepunguzwa gramu kadhaa na bei imepungua kidogo, na wewe unashangilia. Gawanya bei kwa gramu, simu iko na kikokotoo. Na ukifika kwa keshia angalia skrini, usiangalie TikTok. Kuna duka moja, si mojawapo ya hizi mbili na sitalitaja, bei ya rafuni ilikuwa moja na ya kaunta nyingine. Nilipouliza nikaambiwa "mashine haijabadilishwa." Nikaacha kile kitu hapo hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya kupata habari unazohitaji kuhusu kile unanunua. Hauhitaji wakili, sema tu kwa adabu na kwa sauti ya kusikika.

Matokeo: katika zile Jumamosi nne, tofauti ya kapu zima haikuwahi kufika soo. Hata mara moja. Wiki hii huyu ako chini kwa mafuta, yule ako chini kwa sukari. Wiki inayofuata wamebadilishana. Walioshinda ni wawili kwa wawili. Najua mlitaka damu, poleni. Ukikaa karibu na moja, na nyingine ikuhitaji boda, boda tayari imekula ile tofauti yote na bado inataka chenji.

Na hii vita mnayopigana steji, hebu tuseme ukweli, mnapigania nani? Naivas ilianza 1990, na jina lenyewe linatoka Naivasha. Quickmart ilianza Nakuru 2006. Nakumatt ilikuwa Nakuru Mattresses. Tuskys pia mizizi yake ni huko huko, na waanzilishi wa Tuskys na Naivas walikuwa ndugu. Sijui Nakuru wanakunywa maji gani. Halafu pesa kubwa ikaingia. Quickmart na Tumaini ziliunganishwa 2020 chini ya Adenia, mfuko wa uwekezaji wenye makao Mauritius. Mwaka 2022 sehemu ya Naivas ikanunuliwa na kundi likiongozwa na IBL, ambayo pia ni ya Mauritius. Yaani wewe na jirani yako mmenuniana hapa Noonkopir kwa ajili ya timu mbili ambazo zote zimewahi kutumiwa pesa kutoka kisiwa kimoja.

Lakini sisemi ushindani ni bure. Wa umri wangu mnakumbuka Nakumatt ya mwisho mwisho, rafu nzima imepangwa kitu kimoja mbele ndiyo usione nyuma hakuna kitu. Waliokuwa wanaidai walipiga kura ya kuifunga Januari 2020. Mwaka huo huo Tuskys nayo ikaanza kufunga matawi. Waliolia sana si sisi wanunuzi, ni wale waliopeleka maziwa na mkate wakaachwa na karatasi za madeni, na wale vijana wa kaunta. Kwa hivyo nikiona hizi mbili zinavutana kwa bei ya unga, mimi nafurahi. Zivutane tu.

Sasa twende kwa ile siku.

Ilikuwa Novemba. Elfu sita iliingia, nikaenda. Ni supa gani? Sisemi, kwa sababu kosa halikuwa la supa. Nilikuwa nataka video. Nilikuwa nimeona vijana wenzangu wakimwaga vitu kwa kitanda wakisema wameokoa pesa hii na ile, na watazamaji wao ni wengi, na mimi zangu zilikuwa zinatazamwa na binamu na mtu mmoja wa Eldoret. Pale mlangoni kulikuwa na mlima wa ofa. Nunua mbili upate ya tatu nusu bei. Sahani za udongo, zile nyeupe, zilikuwa zimekatwa bei. Glasi sita kwa boksi. Sabuni ya maji ya kuosha vyombo, lita tano, ambayo sisi hatujawahi kutumia maishani, tunatumia kipande. Vile unaingia unapigwa na harufu ya mkate na kuku, na mimi sikuwa nimekunywa chai. Nikanunua kuku pia, na chipsi. Na mfuko mpya wa kubebea, kwa sababu tangu karatasi za plastiki zipigwe marufuku Agosti 2017 mimi sijawahi kukumbuka kubeba mfuko kutoka nyumbani. Iko kama thelathini chini ya sinki.

Keshia akanisomea: 5,870. Chini ya risiti ilikuwa imeandikwa nimeokoa 1,800 na kitu. Nikapiga ile risiti picha. Nilihisi kama nimepasi mtihani, na mjue ilikuwa muda sijapasi kitu.

Unga sikuwa nimenunua. Mafuta pia. Nilikuwa nimesema nitayarudia.

Nikafika nyumbani, nikamwaga vitu kwa kitanda, nikarekodi. "Wasee, leo nimeokoa elfu moja na mia nane!" Nikaweka muziki. Hiyo video ndiyo iliyonifungulia njia, wengi wenu mlinijua kutoka hapo. Bado iko, sijaitoa, mnaweza kuenda kuiona mkijua sasa ni nini kilikuwa hakipo kwa hicho kitanda.

Mathe alirudi saa mbili usiku. Akaketi, akaanza kutoa vitu kwa mfuko kimoja kimoja, akiviangalia na kuviweka kando, vile nadhani wanaangalia mishono huko kazini. Sahani. Glasi. Ile sabuni ya lita tano akaishika muda kidogo.

"Unga iko wapi?"

Nikamwambia kulikuwa na ofa. Nikamwonyesha risiti, pale chini, kwenye ile 1,800. Akaisoma yote. Nilikuwa nangoja kelele, kwa sababu kelele ningezijibu. Alisema "sawa" peke yake. Akavaa viatu tena, vile viatu alikuwa ametoka tu kuvua, akaenda kwa kioski cha hapo nje akakopa unga wa kilo mbili na mafuta ya kupima ya finje. Niliwaona kupitia dirisha, akiandikwa kwa kile kitabu cha madeni, ameinama kidogo ndiyo aone kama ameandikwa vizuri. Simu yangu ikiwa mkononi inaita ting, ting, ting, laiki zinaingia.

Tulikula ugali wa deni kwa sahani mpya. Kuku nilikuwa nimemmaliza njiani.

Desemba nikapeleka vitu kwa shosho, ng'ambo kidogo ya Kajiado town. Ni barabara ile ile ya Namanga, unapita Isinya, unaendelea. Shosho huniita "mzee wangu" kwa sababu mimi ni kijana wa pili na nimepewa jina la bwanake, kwa hivyo akitaka kunikanya ananikanya kwa heshima, na hiyo ni mbaya zaidi. Sijafika vizuri, sijapewa chai:

"Mzee wangu, nimeonyeshwa video. Umeokoa elfu moja na mia nane."

Nikacheka. Nikasema ndiyo.

"Iko wapi?"

"Nini, shosho?"

"Hiyo elfu moja na mia nane. Ulisema umeiokoa. Iko wapi? Mimi nikiokoa mbuzi, mbuzi ako hapo nje."

Wasee, nimefikiria jibu la hilo swali tangu siku hiyo. Haikuwa kwa M-Pesa. Haikuwa kwa mfuko. Ilikuwa ni pesa ambayo haijawahi kuwepo, imeandikwa chini ya karatasi.

Nikajaribu kujitetea kwa kumshambulia yeye, si unajua vile sisi hufanya. Yeye hununua sukari robo kwa duka la jirani, 45. Nikamtolea simu: shosho, hiyo ni 180 kwa kilo, na Kitengela napata pakiti ya kilo mbili kwa 300, yaani 150 kwa kilo. Kila kilo unapoteza thelathini! Akaniangalia. Akaniuliza boda mpaka town ni pesa ngapi. Kuenda na kurudi, mia mbili. Akaniuliza nani yuko na mia tatu ya kuweka kwa sukari leo, na kesho jirani akiwa mgonjwa anachangiwa na nini. Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kusikia kwa mtu yeyote wa hizi video zetu:

"Nikiwa na kilo mbili, watu wataweka sukari ya kilo mbili kwa chai. Nikiwa na robo, wataweka ya robo."

Sikuwa na cha kusema, nikanywa chai. Ilikuwa na sukari kidogo, kwa kweli.

Simaanishi tuanze wote kununua robo. Mathe akipata elfu sita kwa mkupuo, pakiti kubwa ya unga na ya sukari inatusaidia, nimeifanyia hesabu na inatusaidia. Lakini hizi video tunazofanya, ikiwemo zangu, zinaongea na mtu ambaye tayari ako na troli. Mwenye mbao ya mafuta hatumwambii kitu, halafu tunamcheka kwamba hajui kuokoa.

Siku hizi naingia na unga na mafuta kwanza, nikiwa nimekunywa chai. Vikiwa ndani ya kapu ndiyo naangalia zile milima za mlangoni. Ofa nachukua, mimi si mtakatifu, ila iwe ni ya kitu kilichokuwa kwa listi. Juzi tishu ilikuwa na ofa ya ukweli na nilichukua mbili. Risiti naweka kwa meza, mathe anaisoma kutoka juu mpaka kwa jumla, anaiacha hapo. Ile sabuni ya lita tano haijaisha mpaka leo.

Naivas ama Quickmart? Iliyo karibu na wewe. Hilo ndilo jibu, na wa steji mnaweza kuendelea.

Na shosho, kwa wale wataniuliza. Video ya kwanza iliyonilipa, nilimtumia mia tatu. Akapiga simu hapo hapo, nikajua ni asante.

"Mzee wangu, imefika. Sasa imebaki elfu moja na mia tano."