Usiku wa Madebe

Kwa nyanya yangu Kwale, mwezi wa Agosti ulikuwa na sauti yake. Mahindi yakishakauka shambani, na sisi tumefunga shule na kuvuka kutoka Tudor, Mombasa, tulikuwa tukilala chumba kimoja wajukuu saba, juu ya mkeka wenye harufu ya ukili na mafuta ya taa, na baada ya isha, kabla usingizi haujatuchukua barabara, debe la kwanza lilikuwa likilia upande wa bondeni, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka kijiji kizima kinagonga mabati, mbwa wanabweka, wanaume wanatoka na vijinga vya moto, na sauti ya nyanya inapanda juu ya zote ikimkataza mjomba asisogee karibu. Ndovu walikuwa wameshuka. Asubuhi tulikwenda kutazama: migomba imelazwa, utomvu ungali unachuruzika, nyayo pana kama sinia zimetuama umande, na mavi yanafuka mvuke. Nyanya alihesabu hasara mstari kwa mstari, kwa vidole, bila kusema neno.

Sasa hakuna madebe. Kuna waya.

Ndovu hao hao, Jumapili moja kabla ya shule kufunguliwa, tulikuwa tukienda kuwatazama kwa kiingilio kule Shimba Hills. Baba alikodi Peugeot ya jirani yetu, ile ndefu ya safu tatu za viti, tukajazana mpaka mlango wa nyuma ukafungwa kwa kusukumwa; mama alikuwa amebeba mahamri, mbaazi za nazi, katlesi zilizoviringwa gazetini na chupa kubwa ya chai ya maziwa; na pale Likoni, ndani ya feri, tulishuka garini kunusa dizeli na maji ya chumvi na kununua kachiri na njugu, kabla ya kushika barabara ya Kombani inayopanda, joto la kisiwani likabaki nyuma yetu kidogo kidogo mpaka hewa ikawa na ubaridi wa majani mabichi. Shimba Hills ilitangazwa hifadhi mwaka 1968, lakini Mombasa iliujua mlima ule kwa maji kabla ya kuujua kwa wanyama, maana chemchemi za Marere zilikuwa zikinywesha mji tangu enzi za Mwingereza. Baba hakuacha kutukumbusha kila tulipofika langoni: mlima huu mmeunywa kabla hamjauona.

Sisi watoto tulitaka simba. Tulichoonyeshwa ni palahala, dume jeusi la kung'aa, pembe zimepinda kurudi mgongoni kama jambia mbili, amesimama kwenye majani marefu akitutazama bila haraka. Mlinzi aliyepanda nasi garini alituambia kwamba Kenya nzima mnyama huyu hana kwao pengine ila hapa. Hatukujali. Tulijali zaidi yale maporomoko ya Sheldrick, kuteremka kwa miguu katikati ya miti na kuingiza vichwa kwenye maji baridi, na kule juu kabisa ambako unasimama ukaiona bahari yote imetandikwa chini kama kanga. Palahala yule nimeanza kumthamini nikiwa mtu mzima, na sasa kila nikipanda namtafuta kwa darubini. Mara nyingi simwoni.

Nyanya hakuwahi kuingia ndani ya lango lile, na alikaa umbali wa kutembea. Tulimwuliza mara moja kwa nini. Akasema, "Nikamwone ndovu wa nini? Yeye hunijia mwenyewe."

Upande wa pili wa kisiwa mambo yalikuwa tofauti. Safari ya shule ilikuwa ya Bamburi, kupitia daraja la Nyali, darasa zima ndani ya basi tunaimba mpaka koo linakauka. Mwaka 1971 Mswisi mmoja aliyekuwa akifanya kazi na kiwanda cha saruji, René Haller, alianza kupanda miti kwenye mashimo yaliyochimbwa mawe ya matumbawe, mahali palipokuwa peupe, pakavu, pamefika chini karibu na maji ya chumvi. Miche mingi ilikufa. Mvinje ukashika. Tabu ikawa kwamba majani yake yakianguka hayaozi, yanalala tu kama sindano juu ya jiwe, basi wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakala yale majani, na mavi yao yakawa udongo. Tulipokwenda sisi, mwaka mmoja au miwili baada ya watu kuruhusiwa kuingia mwaka 1984, mwalimu aliinama akamchukua jongoo mmoja akamweka kiganjani, akatuambia huyu ndiye mkulima wa hapa. Nakumbuka ule mwanga mkali wa jiwe jeupe nyuma ya miti, na upepo ndani ya mvinje, sauti kama bahari iliyo mbali.

Ule weupe hauonekani tena. Wanangu wanaona msitu, na nikiwaambia lilikuwa shimo hawanielewi. Wao wanapajua kwa habari ya Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa huko Malindi siku za tsunami, Desemba 2004, akaletwa hapa akajibanza kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee, mpaka dunia nzima ikaja kuwatazama. Mimi naangalia chini, natafuta jongoo.

Na Tsavo? Tsavo tuliipita usiku. Gari la moshi la zamani liliondoka Mombasa jua likizama, kwa hiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini, iliyoanzishwa mwaka 1948, kwetu ilikuwa giza tu, dirisha limeshushwa, vumbi jekundu linaingia mdomoni, na kila mtoto anaapa ameona macho yaking'aa. Tangu treni mpya ya mwaka 2017, abiria wanaweza kupita mchana, juu ya tuta, na ndovu wekundu wanaonekana wazi. Dirisha halifunguki.

Lakini ni ule waya wa Kwale ninaourudia. Katika miaka ya 1990 ua wa umeme ulianza kuzungushwa, na mwaka 1995 wenyeji, Waduruma na Wadigo, waliunganisha mashamba yao wakaanzisha hifadhi ya Mwaluganje, ili ndovu wawe na njia na wenye ardhi wawe na fungu katika fedha ya langoni. Hili nalipenda moja kwa moja. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekesha na ndovu alilipwa kwa kukesha kwake, ingawa fungu hupungua wageni wanapopungua, na mgeni hana habari kwamba kutokuja kwake ni karo ya mtoto wa mtu. Pale walianza pia kutengeneza karatasi kwa mavi ya ndovu, kavu, ngumu kidogo, yenye nyuzi za majani. Nyanya alifariki kabla hajaishika karatasi hiyo. Ningependa sana kumpelekea.

Hata na ua, mlima ulielemewa. Mwaka 2005 ndovu 150 walilazwa kwa dawa, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa Tsavo Mashariki. Nilisoma habari hiyo kibarazani kwetu Tudor, nikajikuta nahesabu kama nyanya, kwa vidole, nikijiuliza ni wangapi kati yao walikula migomba yetu.

Agosti iliyopita niliwapeleka wanangu. Kiingilio tulilipa kwa simu tukiwa bado nyumbani. Hakuna tena noti za kuhesabu wala tikiti ya karatasi ya kubaki mfukoni mpaka ifuliwe. Ningeweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, ila nilitaka wavuke feri. Ndovu tuliwaona kumi na wawili, karibu sana, wametulia, na mwanangu wa mwisho alishika mkono wangu mpaka walipopita. Usiku tulilala kwa mjomba, nyumba ile ile, sasa ya matofali, yenye taa ya umeme na mfereji uani.

"Mjomba," nikamwuliza tukinywa chai, "huyakumbuki madebe?"

"Nilimwuzia mtu wa chuma chakavu, mwanangu. Nilimpa yote."

"Na zile kelele?"

Akanitazama kwa muda. "Wewe ulikuwa unalala ndani," akasema.

Usiku nilitoka uani. Waya ulikuwa hatua chache nyuma ya mahindi, unatoa mlio mdogo, mmoja mmoja, kama saa ya ukutani. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikitega sikio upande wa bondeni. Pikipiki ilipita barabarani. Ndani, dirisha likiwa wazi, mjomba alikuwa akikoroma, mahindi yake yamesimama yote.